Viatu Vilikuwa vya Ekai

Lodwar, Jumanne asubuhi, 1976

Rafiki yangu Lokwang,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba shahidi akisema kweli, basi mahakama nayo imeipata kweli. Hata mimi, niliyekaa mahakamani miaka kumi na minane nikitafsiri maneno ya watu, niliamini hivyo. Nilidhani hatari yote iko kwa mwongo. Wewe hukuwa mwongo. Ulisimama Kitale ukasema kweli tupu, na kwa kweli yako Ekai akahukumiwa kunyongwa.

Nakuandikia kwa sababu nina habari na nina ombi. Nitaanza na habari. Ombi litakuja mwisho, maana naona haya, na wewe unajua sababu. Barua hii inaondoka leo na lori la unga. Itafika Kakuma kesho, na Nawoi, binti yako, atakusomea mbele ya mawe tuliyokuwekea kaburini. Mama yake atakuwa pale. Kwa hiyo nitaeleza mambo ambayo unayajua tayari. Nivumilie. Nawoi alikuwa shuleni wakati ule, na mama yake aliambiwa nusunusu.

Barasa, mnunuzi wa ngozi wa pale Kakuma, alikutwa amekufa ndani ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, kwenye njia ya Lopur, kichwa kimepasuliwa kwa rungu. Siku moja kabla, yeye na Ekai walitukanana mbele ya duka lake. Barasa alizikataa ngozi za mbuzi za Ekai akisema zimetobolewa na kisu. Ekai akamwambia, "Wewe utakufa na hiyo mizani yako." Maneno kama hayo yalisemwa pale dukani kila siku ya ngozi, na Barasa mwenyewe alikuwa akiyacheka. Safari hii mtu alikufa kweli, na wote waliosikia wakakumbuka.

Polisi wakakuita wewe, mfuata nyayo wao. Ulishuka kwenye laga, ukachuchumaa, ukamwambia koplo, "Hii viatu ni ya Ekai." Vilikuwa viatu vya tairi la lori, kisigino cha kushoto kimetiwa kiraka cha tairi jingine, misumari mitatu imepangwa mstari. Kakuma nzima hapakuwa na kisigino kingine kama hicho. Siku ya nne walimkuta Ekai nyumbani kwake Lopur, amevivaa. Wakamuuliza viatu ni vya nani. Akajibu, "Ni vyangu." Baada ya jibu hilo hakusema neno jingine la maana, si kwa polisi, si kwa hakimu wa Lodwar, si kwa jaji wa Kitale.

Ushahidi wote ulikuwa huo: ugomvi, nyayo, na jibu moja. Wale wazee wa baraza watatu, wanaokaa na jaji kumshauri, walikuwa wakulima wa mahindi, watu wa heshima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga laga. Walisema ana hatia, wote watatu. Jaji akakubaliana nao. Wakili aliyepewa Ekai na serikali alikutana naye asubuhi ileile ya kesi, na mkalimani wao nilikuwa mimi, mbio mbio, kwenye varanda.

Sasa nieleze nilipokosea mimi. Hili sijawahi kulisema kwa sauti mbele ya mke wako.

Mwendesha mashtaka alikuuliza, "Nyayo zilikuwa za viatu vya nani?" Ukasema, "Ya Ekai." Akauliza kama una hakika. Ukamtazama kwa huruma, ukamwambia, "Wewe bibi yako akipita hapa, hauwezi jua?" Watu wakacheka, na jaji mwenyewe akaficha mdomo. Nililitafsiri hilo vizuri sana, hata nikajisifu moyoni. Yule bwana akaketi. Jaji alikuwa ameinama akiandika. Hapo ndipo ulipoinua mkono wako ukasema, kwa lugha yenu, "Lakini mwendo..."

Nami nikakuinamia nikakuambia, "Lokwang, umeshajibu. Shuka."

Ukashuka.

Maneno yale mawili ya kwanza, "Lakini mwendo", hayakuingia katika Kiingereza. Hayamo kwenye kumbukumbu ya kesi. Na ni vema Nawoi ajue kwamba majaji wa rufaa hawaoni watu, wanasoma kumbukumbu. Kisichoandikwa hakikusemwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha makarani vijana kwamba mkalimani haongezi neno wala hapunguzi neno. Nilikuwa nikilisema kwa kidole juu, kama zamani nilipokuwa mwalimu wa darasa la nne. Siku ile nilipunguza. Hakuna aliyeniamuru. Nilijua tu adabu ya mahakama, na nikahofia rafiki yangu asije akakemewa.

Hunijia nikiwa nanyoa ndevu. Umeshajibu. Shuka. Nasimama na wembe hewani kama mtu aliyesahau uso wake.

Hukusema nami tangu Kitale. Tulirudi kwa lori, juu ya magunia, wewe mbele, mimi nyuma, hadi pale Kalemng'orok tairi lilipopasuka. Jua lilikuwa utosini. Abiria wote wakajibana kwenye kivuli cha lori huku dereva akitukana jeki yake. Wewe ukatoka ukaenda kwenye mchanga mtupu. "Mwalimu," ukaniita, "kuja usome."

Nikaja. Ulitembea hatua kama ishirini, umenyooka, kisigino kinapiga kwa nguvu. Ukarudi, ukatembea tena kando ya zile za kwanza, safari hii ukiburuta mguu wa kushoto, vidole vimegeukia nje. Kisha ukazionyesha zile za kuburuta, ukaniuliza kama mkaguzi wa shule: "Hii ni nani?"

Nikatazama. Hata mimi niliona. "Ekai," nikasema.

"Na hii ingine?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Na hii ndio ilikuwa kwa laga."

Ekai alivunjika mguu wa kushoto akiwa mtoto, alipoanguka kisimani, na mfupa ukaunga vibaya. Lopur yote inajua. Mimi nilimtazama siku zote za kesi akipanda na kushuka kizimbani, na sikuona kitu, kwa sababu alikuwa na pingu za miguuni, na mtu mwenye pingu za miguuni huburuta hata kama ni mzima. Jaji naye aliona mfungwa anayetembea kama wafungwa. Ulimweleza koplo pale laga kwamba mwendo si wa Ekai. Koplo aliandika viatu, mwendo akauacha. Kwake yeye nyayo ni kitu kimoja. Kwako zilikuwa vitu viwili, kiatu na mtu aliyemo ndani yake, na hukuwahi kufikiri kwamba mtu mzima aliyesoma angehitaji kufafanuliwa.

Pale Kalemng'orok nilikuuliza swali ambalo naona aibu kuliandika. Nilikuuliza, "Mbona hukusema?" Kisha ukacheka, ukaonyesha lile pengo lako. "Wewe Mwalimu. Kweli unaniuliza mimi?"

Hukulitaja tena jambo lile. Ulipanda lori ukakaa karibu nami, na kufika Lokichar ulikuwa umeshaniomba tumbaku.

Lokwang, niliporudi Lodwar nilifanya jambo ambalo wasomi hufanya. Nilisubiri. Nilikueleza, taratibu na kwa mpangilio, kwamba kuna rufaa, kwamba majaji wa juu wana macho makali, kwamba mambo yatanyooka. Ulisikiliza yote ukitikisa kichwa. Rufaa ikakataliwa. Nikakueleza tena kwamba kumebaki ombi la huruma, linalopelekwa kwa Rais kupitia kamati, na kwamba kwa hilo mtu anaweza kuleta jambo jipya. Wakati huo kifua chako kilikuwa kimeanza kukusumbua, ukalazwa katika hospitali ya misheni pale Kakuma.

Hapo ndipo ilipokuja barua ya kasisi wa gereza. Nilidhani Ekai ameomba iandikwe kwamba hakuua. Ilikuwa na sentensi moja tu kutoka kwake: "Muulizeni karani wa Lodwar kama maksai amechinjwa."

Karani ni mimi. Nilifikiri gereza limemvuruga akili. Mtu anangoja kamba, anauliza habari za ng'ombe. Nilikusomea pale kitandani ili uchangamke kidogo. Hukucheka. Uligeukia ukutani, ukakaa hivyo mpaka nikadhani umelala.

"Mwalimu, umekaa kwetu miaka ngapi?"

Nikakuambia imepita ishirini.

"Na bado wewe ni mgeni."

Kisha ukanieleza. Nawoi, wewe unalijua hili tangu utotoni, lakini mimi sikulijua vizuri, na huenda siku moja barua hii ikasomwa na mtu mwingine wa kuja kama mimi. Kwenu mwanamume hutoa mifugo ya mahari miaka mingi, kidogo kidogo. Anaishi na mke, wanazaa. Lakini mpaka maksai wa harusi achinjwe nyumbani kwa baba wa mke, mke huyo na watoto wake ni wa baba yake. Ekai alikuwa ametoa mifugo yote. Alibakisha maksai. Mtu aliye katika hali hiyo hagombani na wakwe. Akiwaudhi, anaweza kurudi kutoka malishoni akakuta moto umezimwa na watoto wamekwenda.

"Huyu mutu hajapoteza akili," ukaniambia. "Amefunga mdomo juu ya watoto. Anangoja ng'ombe ianguke ndio aseme. Enda Lopur, uliza bibi yake."

Wiki ile uliweka kidole gumba kwenye maelezo yako kuhusu mwendo, muuguzi akashuhudia. Karatasi hiyo ninayo hapa, alama ya kidole chako imetoka vizuri, hata kovu lake linaonekana. Ukaniagiza niende Lopur upesi. Nikarudi Lodwar kutafuta ruhusa na usafiri. Nilikuwa bado nangoja lori habari ilipokuja kwa redio ya polisi kwamba

Nitaendelea na mambo mengine.

Nimestaafu. Kiti changu anakikalia kijana mwenye shati jeupe, anatafsiri haraka kuliko mimi na hana subira na wazee. Nimemwambia habari za "Lakini mwendo". Nilimwambia kila kitu, hata jina langu kwenye kosa lile. Alinitazama kwa woga kidogo, na sasa naona mara nyingine anamwomba hakimu dakika moja ili shahidi amalize. Mto Turkwel umekauka, tunachimba mchangani. Yule koplo amehamishwa. Mfuata nyayo mpya wa Kakuma bado hawajampata, na wananchi wakipotelewa na punda wanamwendea binti yako, ambaye anajifanya kuudhika.

Nilikwenda Lopur pamoja naye. Alitangulia mbele, macho chini, mikono nyuma kama wewe. Alikuwa akiniambia ni nani amepita na amebeba nini. Kuhusu nyayo zangu alisema, "Mzee, wewe ukitembea unafanya kama unaogopa kuamsha mchanga." Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Akiru, mke wa Ekai, alitupokea vizuri. Akatusalimu ejok, ejok, akatupa maziwa, akatandika ngozi. Nilimweleza shida yetu. Hakujibu hata neno moja. Safari ya pili pia hakujibu. Safari ya tatu nilikaa mbali na kuwaacha wanawake peke yao kisimani, na ndipo alipomwambia Nawoi.

Asubuhi ile Barasa alipouawa, kaka yake Akiru alipita pale akielekea Kakuma. Ukanda wa kiatu chake ulikuwa umekatika. Akamwomba Ekai viatu, na Ekai akavua akampa. Jaji wa Kitale angeuliza kwa nini mtu atoe viatu vyake pekee, lakini hapa kwenu swali hilo halina maana, hasa anayeomba akiwa shemeji. Ekai alibaki miguu mitupu, akashinda kisimani akichota, Akiru akipokea ndoo. Jioni kaka alirudi, akarudisha viatu, akaondoka kesho yake na mifugo kuelekea upande wa Karamoja. Hajarudi mpaka leo.

Jina lake silitaji humu, na nitasema kwa nini. Simfahamu. Sijui alikutana na nani njiani, wala kama na yeye alimpa mtu mwingine viatu vile huko Kakuma. Ninachojua ni kwamba saa ile viatu havikuwa miguuni mwa Ekai. Nikianza kusema zaidi ya hapo nitakuwa koplo wa pili. Wakili wetu wa Kitale, anayetuandikia ombi la huruma, kijana mzuri mwenye haraka, alitaka tuandike kwamba tumempata muuaji. Nimemkatalia. Tutaandika alichokiona Akiru kwa macho yake, basi. Lakini wakili huyo alinifahamisha jambo moja la kweli: maelezo yako peke yako hayatatosha. Marehemu haulizwi maswali. Anahitajika mtu aliye hai, aliyeona, aape mbele ya hakimu.

Na Akiru akakataa kuapa. "Nikisema, baba anachukua watoto," alimwambia Nawoi. "Ekai amekubali kufa ndio hawa wabaki kwa watu yake. Mimi ndio niharibu?"

Basi nikaenda kwa baba yake. Nilijitayarisha kukutana na mtu mkali, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumwomba binti yake aseme neno linaloweza kumleta mwanawe mahakamani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo cha mti, macho yamefifia. Aliniacha nizunguke kwa maneno mengi. Kisha akasema:

"Karani, kijana yangu ni kijana yangu. Lakini mambo ya ng'ombe si yangu, ni ya watu wote. Leteni maksai. Ikianguka hapa, mama ni yenu, watoto ni yenu, na maneno yake pia ni yenu. Lakini kabla ya hiyo, asifungue mdomo."

Nilimpa mkono. Nimewaona mahakimu wengi, Lokwang. Sikumbuki niliyempa mkono kwa heshima kubwa kuliko siku ile.

Wazee wa Lopur walibishana siku mbili kama ndugu wa Ekai anaweza kusimama mahali pake wakati mwenyewe yu hai. Wengine walisema haijawahi kutokea. Mmoja akauliza kama wafanye harusi ndani ya gereza, waone askari watakavyolila tumbo la ng'ombe, na kicheko hicho kikalegeza mambo. Wakakubali. Ndugu yake atasimama. Lakini ndugu huyo ng'ombe wake waliisha katika uvamizi wa mwaka juzi, na ukame ukamalizia. Ana mbuzi na punda. Akatoa mbuzi, akatoa hata punda wa kubeba maji. Baba wa mke akakataa, si kwa ubaya. Mbuzi hafanyi harusi. Ni maksai, mzima, mwenye pembe, na si mwingine.

Muda nao umekwisha. Hakimu atapita Kakuma Ijumaa hii, nami nimepewa nafasi kwenye gari lake. Ndiyo maana sikuweza kuja na barua hii mwenyewe, maana nikiondoka Lodwar sasa huenda akabadili safari. Akiru akiapa Ijumaa, karatasi zitafika kwa kamati kabla haijakaa. Asipoapa, kamati itasoma kumbukumbu ileile waliyoisoma majaji, ile isiyo na mwendo ndani yake. Baada ya hapo sijui mlango mwingine, na ningeujua ningekueleza.

Kwa hiyo ombi langu ni hili.

Kwa miaka yote tuliyojuana ulikuwa unaniomba. Tumbaku. Blanketi. Miwani yangu, ambayo haikukufaa na ukaivaa shingoni kwa mwezi mzima. Koti la mvua, hapa Lodwar, ambapo hata bata wangelia kiu. Mwanzoni nilikasirika. Nilikueleza kwa utaratibu kwamba kwetu Taita mtu mzima huona aibu kuomba. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukaniuliza, "Sasa kama wewe hauniombi, mimi nitajua aje wewe ni rafiki?" Na bado sikukuomba chochote. Wewe ulifukiwa bila mimi kukuomba hata kiberiti.

Lokwang, nipe maksai wako. Yule wa madoa kama ya twiga, mwenye pembe uliyoipinda mwenyewe akiwa ndama. Najua ninachokiomba. Najua ulikuwa ukimwimbia hata ukiwa kazini, koplo akilalamika kwamba wezi watakusikia. Najua watu wako wamemweka kwa siku yako, wakusanyike, wamle, wakutaje. Nikimchukua kwa harusi ya Ekai, siku yako itakosa nyama, na watakaolalamika watakuwa na haki. Mke wako sikumshurutisha. Nilipomwambia alitazama zizi, akasema maksai si wake wala si wa Nawoi, niende nikakuombe wewe mwenyewe kwenye mawe. Nami siwezi kufika, ndiyo maana ninaomba kwa karatasi, kitu ambacho hukukiamini kamwe.

Nawoi ananiambia kwamba mtu alipokuomba kitu kikubwa hukusema ndiyo. Ulinyamaza kidogo, kisha ukageuka ukaenda kukileta. Kwa hiyo hatutangoja ishara yoyote.

Nakuahidi haya. Ijumaa nitakaa kando ya Akiru. Kijana wa shati jeupe amekubali nitafsiri mimi, kwa mara ya mwisho. Kila neno atakalosema litavuka, aliloulizwa na ambalo hakuulizwa. Hakimu akisema inatosha, nitasimama nimwombe tena. Na kama siku moja kaka yake Akiru atasimamishwa kizimbani kwa ajili ya viatu vilevile, nitakwenda huko pia, mzee kama nilivyo, niulize mbele ya wote jinsi anavyotembea. Kamati ikikataa, nitaandika nyingine. Ekai akirudi, ataletwa kwanza kwako kabla hajafika kwake. Hilo nimekwisha kumwambia Akiru, naye amekubali.

Kaa salama, rafiki yangu. Nilikuambia ushuke wakati ulikuwa bado una neno. Sasa neno hilo ninalibeba mimi, na mpaka nilifikishe sitaketi.

Wako,
Mwalimu

Nawoi, ukishamaliza kusoma, nyamazeni kidogo wewe na mama. Kisha ingia zizini, mtoe maksai, umpeleke Lopur leo.